Lakabu katika Njia ya Misafara: Jinsi Watu wa Tabora na Jirani Zao Walivyoyapokea Majina ya Kupachikwa

Lakabu ni jina ambalo mtu hakupewa na wazazi wake, wala hakulichagua mwenyewe, bali amepachikwa na wenziwe kwa sababu ya sura yake, au tendo lake, au nchi alikotoka. Kila kabila lina lakabu, na kila mwalimu azijua za wanafunzi wake, zikiwamo zile zitajwazo pale tu anapowapa kisogo. Swali ambalo huulizwa mara nyingi katika shule na vigango vyetu ni hili: je, lakabu ni heshima au ni matusi? Jibu la haraka ni kwamba litazamwe neno lenyewe; likiwa na maana njema ni heshima, likiwa na maana mbaya ni matusi. Jibu hilo halitoshi. Historia ya njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo hata Tabora na kuendelea hadi Ujiji, yaonyesha kwamba jina lenye maana ya kutisha laweza kuvaliwa kama taji, na jina lenye maana ya baraka laweza kuwa pingu. Twapenda kuwawekea wasomaji wetu mifano michache ya yakini, ili kila mmoja apime mwenyewe.

I. Mji wa wageni

Mji wa Tabora ulikua katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo njia ya kutoka pwani iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hata Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine ilishuka kusini-magharibi. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka uleule. Waliwakuta huko Waarabu wenye asili ya Oman, waungwana wa pwani, wapagazi wa Kinyamwezi, na watumwa waliotoka katika nchi nyingi za bara.

Majina ya mji huo bado yasema habari za watu hao. Mtendeni, mojawapo ya kata za Tabora, ni jina la mtende, mti ambao Mwarabu aliujua tangu utoto wake. Jina la Tabora lenyewe husemwa kwamba latoka katika neno matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa, chakula kifaacho sana kwa msafiri. Basi ikiwa masimulizi hayo ni kweli, hata mji una lakabu yake, nayo ni lakabu ya chakula.

Katika kijiji cha zamani mtu alijulikana kwa baba yake na ukoo wake, na hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Katika msafara mambo yalikuwa mengine. Watu mia tatu au mia nne walikutana Bagamoyo, hawajuani baba wala babu, nao wangekaa pamoja miezi mitatu na zaidi, wakila chungu kimoja na kulala kambi moja. Hapo jina la ukoo halikumsaidia mtu. Lakabu ndiyo iliyomtambulisha: yatoka wapi mizigo yake, aliwahi kufanya nini, anafaa kwa kazi gani. Ndiyo sababu njia hiyo ilizaa majina mengi kuliko mahali pengine, na ndiyo sababu twaichagua kuwa shamba la uchunguzi wetu.

II. Jina la taifa zima

Tuanze na lakabu iliyo kubwa kupita zote, ambayo wengi wetu hata hatukumbuki kwamba ni lakabu: Mnyamwezi. Wenyeji wa nchi hiyo hapo kale hawakujiita hivyo. Mtu alijiita kwa jina la nchi ya mtemi wake, akasema yeye ni Mnyanyembe, au Mkonongo, au Msumbwa. Walipotaka kutaja jirani zao walitumia majina ya pande za dunia: watu wa kaskazini waliwaita Wasukuma, kwa maana sukuma ni kaskazini, na watu wa kusini waliwaita Wadakama, kwa maana dakama ni kusini. Maneno hayo yalibadilika kwa kadiri ya mahali aliposimama msemaji. Aliye Msukuma machoni pa huyu aweza kuwa Mdakama machoni pa mwingine aliye mbali zaidi upande wa kaskazini.

Watu wa pwani ndio waliowafunga wote hao katika jina moja. Waliwaona wakija kutoka upande wa magharibi, upande ambao mwezi mwandamo huonekana kwanza baada ya jua kuchwa, wakawaita watu wa mwezi. Wazungu walipolisikia jina hilo walilifurahia sana, wakakumbuka Milima ya Mwezi iliyotajwa na Ptolemaio katika maandiko ya kale, wakaandika mengi juu yake. Lakini kwa mtu wa Bagamoyo neno halikuwa na fumbo lolote. Mnyamwezi alikuwa mtu atokaye kule jua lichwako, aletaye pembe za ndovu begani.

Je, wenyewe walilipokeaje jina hilo? Hapa yatupasa kutenganisha nyumbani na ugenini. Nyumbani, safari ya pwani ilikuwa sifa. Kijana ambaye hajaona bahari alihesabiwa kuwa bado mtoto, naye hakupata mchumba kwa urahisi. Aliyerudi na mali, nguo na habari za bahari alikuwa mtu mzima. Kwa kijana kama huyo, kuitwa Mnyamwezi huko pwani ilikuwa dalili kwamba amefika kweli, na kwamba watu wa mji wamemtambua kwa kazi ambayo hapana aliyeweza kuishinda. Pwani mambo yalikuwa kinyume. Mtu wa mji alimwona mpagazi akiingia na vumbi la nchi kavu, akavaa ngozi au kipande cha kaniki, asiyejua sala za mjini wala adabu za barazani, akamwita mshenzi. Neno Mnyamwezi likawa karibu na neno hilo. Basi jina lile lile, katika mwezi ule ule, lilikuwa sifa kinywani mwa kirangozi mbele ya vijana wake, na dharau kinywani mwa mwenye nyumba aliyewakodisha kivuli cha kupumzikia.

Baada ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912 upagazi wa njia kuu ulikoma, lakini kazi ya ugenini haikukoma. Watu wa Unyamwezi walikwenda Unguja kulima na kuchuma karafuu, na Tanga kukata mkonge. Huko kwenye mkonge walipata jina jingine, manamba, kwa sababu mfanya kazi wa mkataba aliandikwa kwa namba. Twaomba wasomaji waliangalie vema neno hilo. Mnyamwezi, hata likisemwa kwa dharau, ni jina la watu wenye nchi. Manamba halina nchi wala ukoo wala kabila. Wazee waliopita katika mkonge waliweza kucheka walipoitwa Wanyamwezi, lakini hatujaona mzee aliyependa kuitwa manamba na watoto wake.

Na mwisho wa habari hii ni wa ajabu. Siku hizi vijana wa miji ya Tanzania, wakitaka kusema Marekani kwa lugha yao ya mitaani, husema Unyamwezini, na Mmarekani humwita Mnyamwezi. Tena jina hilo lina harufu ya ushupavu na fahari. Mwenye kuijua historia hawezi kuacha kutabasamu. Nguo iliyopendwa kuliko zote katika njia ya misafara ilikuwa ile ya pamba isiyopaushwa iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem, Massachusetts, nayo watu wa pwani waliiita marekani. Wanyamwezi waliibeba mabegani mwao majora kwa majora hata ziwani. Zamani Mnyamwezi alibeba jina la Marekani. Leo Mmarekani abeba jina la Mnyamwezi. Neno halikubadilika hata herufi moja, lakini waliolisema wamebadilika, na kwa hiyo maana yake imegeuka.

III. Watemi na wafanya biashara

Tukitoka katika jina la taifa twaja katika lakabu za watu mashuhuri. Mtyela Kasanda alizaliwa yapata mwaka 1840. Alipokuwa mtemi na kuanza kuziunganisha nchi za jirani kwa vita, alijulikana kwa jina la Mirambo, ambalo katika Kinyamwezi maana yake ni maiti, yaani mizoga ya watu waliouawa. Ni jina la vita, lililowekwa ili adui alisikie kabla hajauona mkuki. Kuanzia mwaka 1871 hata 1875 alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akipita kumtafuta Livingstone, alipigana upande wa Waarabu, akashindwa pamoja nao. Lakini mwaka 1876 huyo huyo Stanley alikutana na Mirambo, wakachanjiana udugu, naye akamfananisha na Bonaparte wa Wafaransa. Mwaka 1879 Mirambo aliwapokea wamisionari wa Kiprotestanti kutoka London nchini mwake, akafanya urafiki mkubwa na mganga wao, Southon. Alikufa mwezi wa Desemba mwaka 1884.

Jina la mizoga lingeweza kuzikwa pamoja naye. Halikuzikwa. Nchi yake yaitwa Urambo mpaka leo, na ni wilaya. Katika mji wa Tabora, ambao aliupiga vita, iko shule ya sekondari yenye jina lake, na watoto huliandika juu ya madaftari yao bila kutetemeka. Mwalimu akiwaeleza maana ya asili ya neno hilo hushangaa sana, kwa maana wao walisikia tu jina la mtu shujaa. Hivyo ndivyo lakabu izeekavyo: maana ya neno hufa kwanza, na sifa ya mwenyewe hubaki.

Katika Ukimbu, kusini-mashariki ya Tabora, alikuwako mtawala wa wakati uleule aliyeitwa Nyungu ya Mawe, yaani chungu cha mawe. Chungu cha udongo huvunjika, cha mawe hakivunjiki. Alikuwa na asili ya nyumba ya watemi wa Unyanyembe, naye aliitiisha nchi pana kwa majeshi ya ruga-ruga, akafa mwaka 1884 kama Mirambo. Lakabu hii ni ya namna nyingine. Haimtishi adui kwa habari za wafu. Yamsifu mwenyewe kwa kitu ambacho kila mama anacho jikoni. Mtu wa kawaida aliielewa mara moja, na kwa hiyo ilienea upesi kuliko tenzi za sifa.

Wa tatu ni mfanya biashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia yamjua kwa jina la Tippu Tip. Baba yake alikaa karibu na Tabora, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na hivyo nyumba hiyo ya Kiarabu ikapata nguvu katika nchi. Jina la Tippu Tip lina maelezo mawili. Wengine walisema ameitwa hivyo kwa kuwa macho yake yalikuwa yakipepesa kila mara. Yeye mwenyewe, katika maisha yake aliyoyaeleza kwa Kiswahili na ambayo Mjerumani Brode aliyachapa mwanzoni mwa karne ya ishirini, alisema kwamba ni mlio wa bunduki zake, kama walivyousikia watu aliowapiga. Angalia sana tofauti hiyo. Maelezo ya kwanza ni ya watu wamtazamao mtu usoni na kuona kilema kidogo. Ya pili ni ya mwenyewe, naye amegeuza kilema kuwa ushindi. Hatuna haja ya kuamua nani asema kweli. Latosha kuona kwamba mwenye lakabu hakukaa kimya. Alitwaa jina alilopachikwa, akalipa tafsiri aipendayo. Wale waliochomewa vijiji vyao walisikia mlio uleule, lakini hawakuuita ushindi.

IV. Majina waliyopewa Wazungu

Wazungu nao hawakuepuka. Stanley aliitwa Bula Matari katika nchi ya Kongo, maana yake mvunja mawe, kwa sababu ya kazi ya kupasua miamba ili kupitisha njia kando ya mto. Alilipenda jina hilo, likaandikwa hata juu ya kaburi lake huko Uingereza. Lakini kwa watu wa Kongo jina halikubaki kwake. Lilihamia kwa serikali yote iliyokuja baada yake, ikawa Bula Matari ndiye atozaye kodi, ndiye apelekaye watu kazini kwa nguvu, ndiye apigaye kiboko. Mwenye jina aliliona kuwa sifa ya bidii yake. Waliolisema waliona nguvu ivunjayo kila kitu, na watu pia.

Jambo kama hilo lilitokea Tabora. Mwezi wa Januari mwaka 1893 afisa wa Kijerumani, Tom von Prince, aliishambulia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike, alipoona kwamba maadui wameingia, aliiwasha ghala yake ya baruti. Huyo afisa aliitwa na Waafrika Bwana Sakarani. Katika Kiswahili sakarani ni mtu aliyelewa, na kwa askari ni yule aendaye vitani kama mlevi, asiyejali risasi. Yeye alilipokea jina hilo kwa furaha, akaliita hata shamba lake la Usambara kwa jina hilo, naye akafa katika vita ya Tanga mwezi wa Novemba mwaka 1914. Shamba la Sakharani lingaliko karibu na Soni, nalo ni la watawa Wabenedikto. Twajiuliza, askari walipomwita Sakarani, je, walikuwa wakimsifu tu? Kiswahili chaweza kusifu na kulaumu katika neno moja, na mwenye kusikia huchagua upande umpendezao. Mwenzake Carl Peters hakuwa na nafasi ya kuchagua. Kwa maana watu walimwita Mkono wa Damu, na hapana tafsiri njema ya jina hilo.

Tena na tukumbuke kwamba Wajerumani katika maandiko yao walimwandika Isike kuwa Siki. Kukosea jina la mtu si lakabu, lakini nako kwaonyesha uhusiano. Aliye na nguvu hulazimisha jina lake litamkwe sawasawa, na huona ni jambo dogo kulikata jina la mwenziwe.

V. Majina mema yenye uchungu

Yako majina mengine katika orodha za misafara ambayo kwa maana yake ni mazuri kuliko yote tuliyoyataja. Mabruki ni aliyebarikiwa. Baraka halihitaji tafsiri. Faraji ni kutoka katika dhiki. Feruzi ni jiwe la thamani. Ukisoma majina hayo bila kujua habari zake utadhani ni majina ya watoto waliopendwa mno. Lakini mengi yao yalikuwa majina waliyopewa watumwa na mabwana zao baada ya kunyang'anywa majina ya kwao. Mtoto wa Kiyao au wa Kimanyema alikuwa na jina lililomfungamanisha na babu yake. Alipouzwa jina hilo lilitupwa, akaitwa Baraka, na baraka ilikuwa ya bwana aliyempata.

Mashuhuri kati yao ni Sidi Mubarak Bombay, aliyezaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akarudi Afrika baada ya bwana wake kufa. Alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857, na Speke tena mwaka 1860, na Stanley mwaka 1871, na Cameron kutoka mwaka 1873, akapita Tabora mara nyingi kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani na malipo ya uzeeni, naye akafa mwaka 1885. Tuyatazame majina yake. Sidi ndivyo Wahindi walivyowaita Waafrika waliokuwa kwao. Mubarak ni aliyebarikiwa. Bombay ni mji wa ng'ambo. Katika majina matatu hakuna hata moja alilopewa na mama yake. Kila moja ni alama ya mahali alipopitishwa, kama mihuri juu ya mzigo. Hapana neno baya hata moja ndani yake, wala hapana mtu aliyeyatamka kwa kumtukana. Hata hivyo ni majina ya mtu aliyeibiwa.

VI. Mfano wa ng'ambo

Ili tusidhani kwamba haya ni mambo ya Afrika peke yake, na tutazame nchi ya Ireland. Mtakatifu Patrisi, mwalimu mkuu wa nchi hiyo katika karne ya tano, aliandika mwenyewe kwamba alichukuliwa huko kwanza akiwa mateka, akachunga mifugo ya bwana wake. Jina lake kwa Kiirelandi ni Pádraig, na wazazi walipowapa watoto jina hilo walilikata wakasema Paddy, kama sisi tusemavyo Mose kwa Musa. Nyumbani hapana neno la upole kuliko hilo.

Katika karne ya kumi na tisa watu wengi wa Ireland walikwenda Uingereza na Marekani kuchimba mifereji na kujenga reli, na njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliwatoa maelfu kwa maelfu. Huko ugenini kila mmoja wao, awe Yohane au Tomaso, aliitwa Paddy. Wachora picha wa magazeti ya London walimchora Paddy mwenye uso wa nyani, mlevi, mpenda ugomvi. Jina la mtakatifu likawa jina la kibarua. Mpaka sasa Mwirelandi aweza kumwita nduguye Paddy, na baba aweza kumwita mwanawe hivyo, na wote wakacheka. Lakini mgeni asiyemjua akimwita hivyo mbele za watu, moyo wake hukasirika, na ana haki. Msomaji aona bila shaka jinsi habari hiyo ifananavyo na ile ya Mnyamwezi. Ni watu waliobeba kazi nzito za wengine, wakafungwa wote katika jina moja na wale waliowalipa ujira.

VII. Utani

Wazee wetu waliijua hatari hiyo, nao waliiwekea dawa, ndiyo utani. Kati ya Wanyamwezi na kabila nyingi za njiani, hata Wazaramo wa pwani, uko utani wa tangu zamani za misafara. Mtani ana ruhusa kumwita mtani wake kwa majina ambayo mtu mwingine akiyasema patakuwa na damu. Aweza kumwita mtumwa wake, aweza kutwaa kitu chake kidogo bila kuomba, aweza kumdhihaki hata msibani mbele ya maiti. Wachunguzi wa Kizungu walianza kuyaandika mambo hayo kwa urefu katika miaka ya 1940, wakastaajabu kwamba matusi hayo hayaleti vita.

Sababu haifichiki kwa mwenye kuzaliwa ndani yake. Utani una mambo matatu ambayo dharau haina. Kwanza, ni wa pande mbili: ukinitania nitakutania, na hapana aliye juu. Pili, una wajibu: mtani huyo mwenye kudhihaki ndiye ashikaye jembe la kaburi, ndiye asaidiaye katika mazishi, na msafiri aliyekwama aweza kwenda kwake akapata chakula. Tatu, una mpaka: hautoki nje ya wanaohusika. Ikiwa Mzaramo amtania Mnyamwezi, Mzungu aliyesimama karibu hawezi kudaka neno hilo na kulitumia, kwa maana hakuingia katika agano la watu hao. Katika njia ya misafara, ambako wageni walikutana kila siku na silaha mikononi, desturi hiyo iliokoa maisha ya watu wengi.

VIII. Mashauri kwa mwalimu

Sasa tunaweza kulirudia swali la mwanzo kwa kipimo kilicho bora kuliko maana ya neno. Mwalimu asikiapo lakabu na aulize: Nani alilianza jina hili, mwenye nguvu au aliye sawa? Je, mwenye kuitwa aweza kumrudishia msemaji jina lingine bila hofu? Je, hulitumia mwenyewe anapojitaja? Na je, liliondoa jina jingine, au liliongezwa tu juu yake? Kwa vipimo hivyo Mirambo ni heshima, ingawa maana yake ni maiti. Na Baraka la mtumwa ni dhuluma, ingawa maana yake ni njema.

Kipimo cha pili ndicho kimhusucho mwalimu mwenyewe kuliko vyote. Mwanafunzi hawezi kumrudishia mwalimu. Tuseme mwalimu wa shule ya pwani amwita mtoto aliyetoka Sikonge au Nzega, wewe Mnyamwezi, njoo ubebe hizi kuni. Mwalimu adhani atania. Lakini utani wa upande mmoja haupo. Mtoto hana ruhusa ya kumjibu, na darasa zima lajua hivyo. Basi litakalocheka si utani, ni nguvu. Jioni ileile mtoto wa Kizaramo akimwita jina lilo hilo uwanjani watacheza pamoja, na mwalimu atashangaa kwa nini neno lake ndilo lililoleta machozi.

Kuna na jambo la daftari. Watoto wengi huandikwa shuleni, na watu wazima katika vitabu vya ubatizo, kwa lakabu ambazo karani alizisikia za kwanza. Jina likiisha kuandikwa kwa wino huwa gumu kutoka. Hufuata mtu katika cheti, katika ndoa, na katika urithi wa watoto wake. Yafaa karani aulize mara mbili, mara ya pili bila watu wengine kuwapo: wazazi wako walikuitaje? Na kama mtu asema apenda lakabu yake, na iandikwe, kwa maana ni haki yake kama ilivyokuwa haki ya Hamed bin Muhammed kueleza mwenyewe maana ya Tippu Tip.

Kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, kijana mmoja alikuwa akifundisha katika shule ya wamisionari ya St. Mary's, papo hapo Tabora. Baadaye alikuwa mkuu wa nchi, akawa na vyeo vingi ambavyo angeweza kuitwa kwavyo. Watu wakamwita Mwalimu, naye Julius Nyerere akalikubali jina hilo hata kufa kwake mwaka 1999. Halikuwa jina la vita, wala la kuogofya, wala la kuvunja mawe. Lilikuwa jina la kazi yake, walilolitumia waliomheshimu na hata waliobishana naye. Nasi tulio na jina hilo hilo kila siku, kutoka kwa watoto wasioweza kutuita vingine, yatupasa kuangalia sisi nasi twawaitaje.